Jumamosi Niliyoiwahi Ghalani

Jumatano, 10 Juni 2026

Ghala nimelipata! Jumamosi tarehe 13 Februari mwakani, baada ya Isha, harusi ya mwanangu Batuli. Miezi minane kabla. Nitajie mwanamke wa huku mtaani kwetu Kuze aliyewahi kuushika ukumbi miezi minane kabla. Hayuko.

Sasa bismillahi, na salaam kwako daftari. Ulikuwa la hesabu za Batuli darasa la sita. Kurasa za nyuma zilibaki tupu, na leo zimepata kazi ya maana.

Nianze vizuri. Ghala ni lile godauni kuukuu karibu na bandari ya zamani. Lilikuwa la kahawa na ngozi. Mwenyewe amelipaka chokaa, ametia taa za kuning'inia kama mashada ya zabibu, na sasa kila mama mwenye binti analiota. Madirisha yako juu, karibu na paa. Wanawake wakivua mabuibui hakuna jicho la mwanamume litakalofika. Marehemu babangu alikuwa hamali pale. Miaka kumi na tisa akiingia kwa mlango wa uani na gunia mgongoni. Mjukuu wake ataingia kwa mlango wa mbele na taji kichwani. Hilo ndilo nitakalo. Mengine yote ni pilau.

Swali lilikuwa, mapema ni mapema gani? Bibi zetu wakisema siku arubaini zatosha. Wifi yangu Mwanarusi, dadake mume wangu, asema miezi kadhaa, na kila asemalo Mwanarusi hulisema kama limeshuka mbinguni. Mimi nikaenda kumwuliza Winnie, binti wa ofisini pale Ghala, mtu wa bara, ana kucha ndefu na adabu nzuri. Akasema Nairobi watu hushika ukumbi mwaka mzima kabla. Nikaona basi, mimi sishindwi na mtu wa Nairobi.

Akafunua kitabu. Januari imejaa. Jumamosi ya kwanza ya Februari imejaa. Tarehe 13, wazi. Tarehe 20, wazi. Tarehe 27, wazi. Mfululizo. Nikamshukuru Mungu aliyenifagilia njia. Winnie akaniuliza mara mbili kama nna hakika. Nikamwambia mwanangu, mimi sibahatishi. Mwaka huu katikati ya Februari tulikuwa Shaabani, wiki ya vunja jungu, kila nyumba ina harusi, watu wala mpaka basi kabla ya mfungo. Nakumbuka sana kwa sababu nilihudhuria mbili siku moja na gauni likafumuka ubavuni. Katikati ya Februari ni wakati wa harusi. Akaandika.

Kumebaki jambo dogo. Batuli hajaposwa.

Alhamisi, 11 Juni

Leo nimeishughulikia posa.

Kijana yupo. Khubaib, fundi wa mitambo melini, kwao Kizingo, kule kwenye miti na mageti. Alianza kuja duka la dawa anakofanya kazi Batuli kutaka dawa ya kichefuchefu cha baharini. Siku nne mfululizo. Mtu mwenye miaka saba baharini. Siku ya tano nikaenda mwenyewe nikamtazama nyuma ya rafu ya sabuni. Meno mazuri. Akampisha mzee mmoja kwenye foleni. Nikaridhika.

Lakini mama wa mwana wa kike hasemi. Hukaa kimya kama hana binti nyumbani, mpaka wao waje. Ndiyo mila, na mimi mila naiheshimu. Kwa hivyo sikusema. Nilituma sahani tu. Mkate wa sinia, hiliki ya kutosha, rangi kama dhahabu, ukaenda kwa Bi Esha, mamake Khubaib. Ujumbe: amepika Batuli. Batuli akichemsha maji sufuria huungua, lakini mimi nimempika Batuli na Batuli ni wangu, kwa hivyo mkono ni mmoja.

Sahani ikarudi alasiri. Haikurudi tupu, watu wa Kizingo wana magari lakini adabu hawajaitupa. Halua nusu sahani, na maneno: Bi Esha asema mkate ule umemkumbusha marehemu mamake, na Jumapili wazee wao wangependa kupita kutusalimia.

Kupita! Hakuna apitaye Kuze kwa bahati. Gari haliingii vichochoroni. Ukimwona mzee wa Kizingo huku kwetu ujue ametembea kwa miguu na ana neno.

Batuli aliporudi kazini akaniangalia, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimetuma sahani. Akachukua pasi akapiga baibui lisilokuwa na mkunjo hata mmoja, nusu saa nzima.

Yuwamtaka. Mama hujua.

Jumamosi, 13 Juni

Mwanarusi amekuja. Hakuja kukaa, alisema, na akakaa saa tatu. Akala halua yangu ya Kizingo, akasema ya Tanga ni bora.

Kisha akanipa habari aliyoijia. Binti yake ameshachumbiwa tangu mfunguo mosi, mwezi wa Idi, na harusi wameipanga tarehe 6 Februari. Ghalani. Akalitamka Ghalani polepole nilisikie. Akasema wao hawakubali kuchelewa, ile ni Jumamosi ya mwisho ya vunja jungu.

Nikabana kicheko mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia hiliki. Ya mwisho! Ya mwisho ni yangu, tarehe 13. Yeye ataanza, watu watakula kwake, na wiki moja baadaye watakuja kwangu wamsahau. Atakuwa mchuzi wa kuonja. Nilitamani kumwambia. Lakini nitamwambiaje nimeshika ukumbi na binti hajaposwa? Siku hiyo hiyo ingefika Majengo na kurudi.

Akaniaga akisema Mungu atamjaalia na Batuli, umri bado, asihuzunike. Nikamwitikia amin kwa sauti ya mtu mwenye siri tumboni.

Jumapili, 14 Juni

Siku gani hii. Niiandike kwa utaratibu.

Walikuja baada ya Alasiri. Wazee watano, kanzu zimenyooka, viatu vimejaa vumbi. Bi Esha na wanawake wawili wakaingia ndani kwetu wanawake. Mume wangu Faraj akawapokea wanaume sebuleni. Faraj ni fundi wa saa, na katika maisha yake hajawahi kukimbizana na hata moja. Pazia katikati. Mwanarusi alikuwepo, maana yeye ni shangazi wa msichana na hana wa kumzuia.

Msemaji wao Maalim Twalibu, ammi yake Khubaib, mzee wa madrasa, sauti kama asali ya nyuki wadogo. Akaanza mbali kama inavyopasa. Akaja kwenye mti mzuri, akaja kwenye ua, akaliomba ua. Mimi huku nyuma nalia. Bi Esha akanishika mkono. Kila kitu kilikuwa kinakwenda.

Ilivyo mila, baba wa msichana hajibu siku ile. Husema tumesikia, tupeni muda, tuwaulize wajomba. Hata kama wajomba wako chumba cha pili wanala sambusa. Faraj akaanza kusema hivyo. Maalim akasema hapana haraka, isipokuwa moja: Khubaib anarudi melini karibuni, na likizo yake ijayo ni kuanzia tarehe 12 Januari mpaka tarehe 22 Februari, kisha meli haimngoji, ni mwaka na kitu tena. Kwa hivyo watu wa msichana wakikubali, wangependelea siku katikati ya hapo. Faraj akasema ataiangalia kalenda.

Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema Jumamosi tarehe kumi na tatu Februari, Ghala tumeshalishika.

Ilikuwa yangu.

Hata sambusa zilisimama. Bi Esha akanitazama mkono wangu alioushika, kama autazama kwa mara ya kwanza. Sebuleni Faraj akakohoa kikohozi cha saa iliyokatika majira. Wameomba ua dakika mbili zilizopita na mama mtu ameshalikodia ukumbi.

Mimi nilidhani hiyo ndiyo aibu. Kumbe aibu ilikuwa bado iko njiani. Maalim Twalibu akaanza kuhesabu, nilikiona kivuli cha vidole vyake kwenye pazia. Akasema kwa upole sana, mama, mwezi wetu hauufuati wa kizungu, kila mwaka waja mapema kwa siku kumi, kumi na moja. Mwaka huu tumeanza kufunga baada tu ya katikati ya Februari. Mwakani, mwezi ukiandama vyema, ni tarehe nane. Tarehe kumi na tatu itakuwa funga ya sita. Nani ataoa wakati wa swala ya tarawehe?

Mwanarusi alicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. Akasema wifi yangu atawapa wageni tende na maji, wamshukuru na waende zao.

Mwezi hurudi nyuma, najua. Kila mtoto wa chuoni ajua. Ila sikujua kwamba utarudi na mwaka huu pia.

Bi Esha hakucheka. Hilo namhesabia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wao wamempenda Batuli na kosa la tarehe si kosa la msichana. Lakini Khubaib likizo ni moja. Kama huku hakuna nafasi kabla ya Ramadhani, kaka yake ana uwanja mkubwa Malindi, na wao wako tayari kubeba kila kitu. Nyumba ya msichana isipate taabu.

Isipate taabu! Harusi ni ya nyumba ya msichana. Niende Malindi kwa basi, nikakaribishwe kwenye harusi ya mwanangu, niulizwe nimekuja na nani? Na mlango wa mbele wa Ghala je?

Faraj akaomba wiki moja. Jumapili ijayo watapata jibu na siku. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona Faraj akiharakisha kitu.

Jumatatu, 15 Juni

Asubuhi na mapema kwa Winnie. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema mama, nilikuuliza mara mbili, ukanihadithia gauni lililofumuka. Akadhani nataka kuandaa futari ya watu mia tano. Alishawasifia wenzake ofisini kwamba kuna mama mkarimu Kuze.

Jumamosi kabla ya mfungo zote zimeshikwa. Zile nilizoziona wazi zilikuwa wazi kwa sababu kila mwenye akili amezikimbia. Winnie hakusema hivyo. Nimejisemea mwenyewe, kisha nikajisamehe.

Akaniweka kwenye orodha ya kungoja. Mimi ni wa sita. Nilimwuliza hao watano wa mbele wana afya gani.

Jumanne, 16 Juni

Nimepata mpango. Mzuri.

Ghala liko, Khubaib yuko, Jumamosi tarehe 6 iko. Tatizo pekee ni kwamba ndani ya tarehe 6 yuko Mwanarusi. Mtu akitishika huondoka.

Nikaenda kwake na sahani ya ladu tamu. Nikazungumza habari za babangu, hamali wa Ghala, Mungu amrehemu. Nikaingiza polepole kwamba babangu alikuwa akisema pale pembeni penye jukwaa pana jini. Si mbaya sana. Lakini hapendi mabibi harusi. Na zaidi, nikasema, sakafu ile ilishawahi kulaliwa na papa mkavu mwezi mzima, na joto likipanda harufu huamka, na Februari ni mwezi wa joto.

Mwanarusi akamaliza ladu. Akasema papa ni riziki. Na jini akipenda aje, kadi za mwaliko bado hazijachapwa, nimpe jina tu.

Kisha akaniuliza: na hilo jini, wewe ulipolishika Ghala kwa ajili ya Batuli, lilikuwa limesafiri?

Nikabeba sahani yangu. Ilirudi tupu.

Alhamisi, 18 Juni

Mwaka mpya wetu umeingia. Maalim Twalibu ameniletea zawadi, kalenda ya Kiislamu ya ukutani, kubwa, ina picha ya Madina. Pembezoni ameniandikia kwa kalamu yake mwenyewe Ramadhani za miaka mitano ijayo, moja moja, kwa hati nzuri. Mzee wa heshima sana. Nimeitundika jikoni. Picha yapendeza.

Batuli alikuja nikikuna nazi. Akaniinua kwenye mbuzi, akakaa akakuna yeye, vibaya. Akasema mama, Malindi si mbaya. Akasema yeye anamtaka Khubaib, si ukumbi, na hata wakiozeshwa darini na chai kavu yeye atakuwa bibi harusi vile vile. Nikamwambia usiseme chai kavu mbele ya wageni.

Kisha akasema, lakini babu alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, si ndiyo? Akaendelea kukuna. Nazi imejaa vipande vyeusi vya kifuu. Sikumwambia.

Nikaona nisikae na tarehe 13 kama mtu aliyekalia yai la plastiki. Niende nikairudishe, angalau Winnie apate kuiuza. Nimevaa baibui langu jipya, mtu akienda kushindwa aende amependeza.

Niliposema nairudisha, Winnie akasimama wima. Akasema mama, ngoja. Akaeleza. Siku ile ile niliyoishika mimi, nusu saa baadaye, alipiga simu msichana mmoja, Awiti, karani wa bandarini. Alikuwa ameshashika siku waliyoitaka wakwe, ila moyo wake uliitaka hiyo hiyo tarehe 13, kwa sababu ya kesho yake. Tarehe 14 ni ile siku ya wapendanao, maua mekundu na mambo hayo, na tangu shule yeye aliapa ataolewa mkesha wake. Alipoambiwa mama mmoja wa Kuze ameshaichukua, alilia kwenye simu. Tangu hapo amepiga mara tatu kuuliza kama huyo mama amebadili nia.

Nikamwuliza Winnie, na hiyo aliyo nayo ni siku gani?

Tarehe 30 Januari. Jumamosi.

Nilikaa chini. Kiti kilikuwepo, alhamdulillahi.

Jumamosi, 20 Juni

Wamekuja Ghalani saa nne asubuhi, Awiti na mchumba wake Nicanor, kijana mrefu wa reli, amefunga tai Jumamosi. Mimi na mahamri ya kikapu kizima na mbaazi za nazi kwenye chupa ya chai. Mazungumzo hayaendi tumbo likiwa tupu.

Awiti alikuwa tayari tangu mlangoni. Aliniita mama kabla sijakaa. Kazi ilikuwa Nicanor. Akasema kwao Homa Bay wameshaambiwa Januari. Babake mdogo ameshaagana na mwenye basi. Kubadilisha siku kwao si kupiga simu, ni kuitisha kikao, na kikao chahitaji mbuzi.

Nikamwambia mwanangu, mimi nakuelewa, na mimi nimeaibika kwa ajili ya tarehe mbele ya wazee watano na wifi. Lakini nikuulize. Mke atakumbuka nini miaka ishirini ijayo, basi la babako mdogo au siku aliyoiapia? Awiti akamtazama. Nilijua mtazamo ule. Mimi huutumia kwa Faraj paa linapovuja.

Nicanor akala hamri la nne. Akasema Februari wazee watakuwa shambani. Nikamwambia na Jumamosi hiyo mji mzima utakuwa mtulivu, kwa sababu sisi sote tutakuwa tumefunga. Barabara nyeupe kabisa. Basi lake litafika na kugeuka bila kukanyagana na harusi yoyote. Ghala zima, mtaa mzima, bandari nzima ni yake. Akacheka. Akasema mama, wewe ungefaa reli.

Awiti akaomba kitu kimoja. Anataka hina mikononi na miguuni, ile nyekundu na ya piko nyeusi, kama mabibi harusi wa hapa, na hajui wa kumwendea. Nikamwambia umeshamwendea. Nitampaka mimi mwenyewe, funga au si funga, mkono wangu haukosi. Akanikumbatia. Ananukia vizuri, mtoto wa watu.

Winnie akakata majina mawili, akayaandika upya. Mimi 30 Januari. Wao 13 Februari. Akapiga muhuri. Wale watano wa orodha ya kungoja wabaki na afya zao.

Na sasa, daftari, tazama hesabu. Mwanarusi ni tarehe 6. Mimi ni 30. Wiki moja mbele yake! Watu watakuja kwangu na njaa ya kwanza, wataona taa kwa mara ya kwanza, watashangaa kwangu. Kwake watakuja wameshazoea.

Nikapita kumpa habari mwenyewe. Akanywa kikombe kizima cha chai kwa mkupuo mmoja. Kikombe hicho ningekitia fremu. Mwisho akasema kwamba shangazi ndiye amfukizaye bibi harusi udi, na udi wangu ni wa kununua kwa rejareja, kwa hivyo atakuja na wake. Nikamwambia karibu wifi. Nikamwambia na jini nimemwalika.

Tulicheka. Yeye zaidi. Hilo halinisumbui.

Jumapili, 21 Juni

Wazee wamerudi. Faraj akajibu kwa utaratibu, wajomba wameulizwa, wamekubali, siku ni Jumamosi tarehe 30 Januari, Ghalani, inshallah. Maalim Twalibu akahesabu vidole. Pazia zima lilishika pumzi. Akasema mwezi ishirini na moja Shaabani, hakuna kizuizi. Bi Esha akanibusu mashavu yote mawili, akasema habari za Malindi zimekwisha, na akaniomba Batuli akiingia kwake ampikie tena ule mkate wa sinia.

Nikasema kwa furaha. Nna miezi saba ya kumfundisha.

Batuli ameambiwa rasmi. Akainamisha kichwa kama inavyopasa. Kisha akanikanyaga mguu chini ya meza, polepole, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na hataki watu waone amefurahi.

Jumatatu, 22 Juni

Nimelala vizuri na nimefikiri sana. Kila mtu ananiambia nimejifunza. Faraj asema nimejifunza kutoharakisha. Mwanarusi asema nimejifunza kuuliza. Hawakuona. Kama nisingeharakisha, nisingekuwa na tarehe 13. Kama nisingekuwa na tarehe 13, ningekuwa na nini cha kubadilishana na Awiti? Mapema ndiyo iliyotuokoa. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo ni la hesabu: nilitumia Ramadhani ya mwaka huu badala ya ya mwakani.

Sasa, nna binti wa pili. Mejumaa, kidato cha tatu, mrefu kuliko dadake, macho kama yangu nilipokuwa kijana. Hana mchumba. Hilo si neno, dadake pia hakuwa naye Jumatano ya juzi.

Nikaenda kwa Winnie na mkate wa sinia. Nikamwambia anifungulie kitabu cha mwaka 2028. Akasema mama, hakijafunguliwa. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja leo. Akachora mistari kwa rula.

Safari hii nimehesabu. Maalim alisema mwenyewe, mwakani Ramadhani yaingia tarehe nane Februari. Kwa hivyo Jumamosi tarehe tano ni kabla yake, na bado nna siku tatu za akiba. Winnie akafungua mdomo. Nikamwambia mwanangu, safari hii nimeambiwa na mzee wa madrasa. Akaufunga. Akaandika.

Nimeanza orodha ya wageni. Karatasi ya kutosha sikuwa nayo, nikaitungua ile kalenda ya Maalim jikoni. Nyuma ni peupe pe, yaingia majina mia tatu. Mbele kuna maandishi yake ya pembezoni, zile Ramadhani za miaka mitano, nitayasoma nikipata nafasi.

Awiti na Nicanor ni wa kwanza kwenye orodha. Mwanarusi ni wa arubaini, akipenda. Kina Bi Esha wote. Nyinyi nyote mnaotujua, wa Kuze, wa Kizingo, wa Majengo, waliokaa Malindi, msiseme hamkuambiwa mapema: Jumamosi, tarehe 5 Februari 2028, baada ya Isha, Ghalani, mlango wa mbele. Njooni na njaa.